Moto Usioombwa

Kila asubuhi Auleria alipofungua mlango wa uani, mzee alikuwa keshaamka, na aliulizia moto kabla ya kuulizia chai.

"Shikamoo, Maharaji."

"Marahaba. Moto umelalaje?"

"Umelala vizuri. Upo."

Hapo tu ndipo mzee alipokubali kugeuzwa ubavu, kufutwa uso na kunyweshwa chai yake ya tangawizi. Mimi niliyasikia hayo kila siku kwa sababu cherehani yangu iko kibarazani, na ukuta uliotutenganisha ni wa tofali moja, hauwezi kuficha hata kikohozi. Na lile neno "upo" nilikuwa nalisubiri na mimi. Tangu nihamie Mwananyamala nilikuwa naiogopa nyumba ile, na sioni aibu kulisema.

Mzee mwenyewe aliitwa Jayantilal Trivedi, Mhindu wa ukoo wa makuhani, lakini mtaa mzima ulimwita Maharaji, kama Wahindu wanavyomwita kuhani wao. Zamani alikaa mjini kati, ghorofani, mpaka wapangaji wa juu wakachoshwa na moshi wake. Ndipo akanunua nyumba huku kwetu, jirani na Mto Ng'ombe, akajenga chumba cha nyuma chenye shimo la matofali sakafuni. Katika shimo hilo kulikuwa na moto uliowashwa siku alipomwoa mkewe Kusum. Waliuzunguka wameshikana mikono, kisha wakaupeleka nyumbani, na haukuzimika tena.

Haya hakuyabuni yeye. Yametoka kwenye Veda, maneno matakatifu ya Wahindu yaliyo ya kale kuliko mengine yao yote, yaliyotungwa kwa Kisanskriti wakati ambapo kwao hakuna aliyekuwa akiandika. Yalitoka mdomoni yakaingia sikioni, baba kwa mwana, vizazi na vizazi. Baba yake Maharaji alimfundisha kwa kumshika kichwa: sauti ikipanda anakiinua, ikishuka anakiinamisha, mpaka shingo ya mtoto ikajua yenyewe. Ukubwani alitumia mkono, ukapanda na kushuka mbele ya kifua chake kila alipoimba. Alimwambia Auleria kwamba katika ile Veda iliyo kongwe kuliko zote, neno la kwanza kabisa kutamkwa ni jina la moto, Agni. Moto ndio kuhani, ndio mgeni wa nyumbani, ndio kinywa cha miungu, na sadaka hupitia humo. Kwa hiyo jua lilipochomoza na lilipozama, mzee alikaa mbele ya shimo lake, akamimina samli na punje za mchele, akaimba.

Alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani. Alitaka siku akifa moto huo utangulizwe mbele ya maiti yake, na uwe ndio utakaomchoma. Asipochomwa kwa moto wake, aliamini, huko aendako atafika hana mlango. Na moto ulikuwa na miiko. Hauazimwi, haupikii mtu mwingine, hautoki nje. Utatoka siku moja, siku atakayotoka yeye, na nyumbani yabaki majivu tu.

Kusum alipofariki alichomwa kwa sehemu ya moto huo. Wako wajuzi wao wanaosema mke akifa na moto umekwisha, na wako wanaomruhusu mgane aendelee. Maharaji aliwafuata hao wa pili. Auleria alisema ni kwa sababu ya mapenzi tu, kwamba mzee hakuweza kuvizika vyote viwili kwa mara moja.

Auleria ni Mmakonde wa Newala, Mkatoliki, mfupi, mikono mikubwa, mtu wa kufanya kazi huku ananung'unika na kunung'unika huku anacheka. Alikuja Dar na mumewe Anselmo, aliyekuwa anachonga vinyago vya mpingo pale Mwenge. Vumbi la mti likamwingia Anselmo kifuani na halikutoka. Akabaki mjane na mtoto mmoja, Polikarpo, ambaye sasa anabeba mizigo ya abiria stendi ya Mbezi Luis. Auleria akafua nguo za watu, akauza maandazi, akafua tena nguo za watu, hadi akaitwa kumuuguza Kusum. Kusum akafa, Auleria akabaki.

Halafu Maharaji akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa na mguu wa kulia ukafa, na macho yakafifia mpaka akawa anaona vivuli tu. Mwanawe Hitesh, aliye Uingereza, akapiga simu huku na huku, akapatikana kijana wa kutoka mjini wa kuja kuutunza moto. Kijana alikuja siku chache, foleni na moshi vikamshinda. Akabaki Auleria. Kwa desturi yao haikuwa kazi ya mtu kama yeye, na mzee alikaa siku nzima kageukia ukutani. Jioni akamwita.

"Mie nitasema maneno, wewe utaweka kuni," akamwambia. "Veda itanisamehe au haitanisamehe."

Basi hivyo ndivyo mama wa Newala alivyokuja kuutunza moto wa Wahindu. Kazi yenyewe aliijua. Kwao bibi yake alikuwa anafukia makaa kwenye majivu usiku na kuyafukua asubuhi. Auleria alikuwa anakwenda kwa mfugaji mmoja nyuma ya soko kuchukua samadi ya kuchochea moto, anaifinyanga vikate, anaianika juu ya ukuta wetu. Nililalamika mara moja kuhusu harufu. Akaniambia, "Mama Noela, ikikauka hainuki. Wewe ndo utakauka kwa kununa."

Lakini hofu ilianza kumla. Alikuwa anakuja kibarazani kwangu mchana mzee akilala, anakaa kwenye kigoda na kushusha sauti.

"Mama Noela, ule moto unanionaga."

"Acha mambo yako."

"Kweli nakwambia. Nikiwa naufukia unafumba jicho moja. Mzee kasema moto ndo shahidi wa kila linalofanyika ndani ya nyumba. Mie nikikohoa vibaya naogopa." Akacheka, lakini mikono ilikuwa magotini imeshikana. "Ukizimika mikononi mwangu je? Mzee akose njia kwa ajili ya uzembe wangu? Hilo deni nitalilipa kwa nani? Kwa Mungu wangu au kwa wa kwake?"

Zamani, mzee alipokuwa na nguvu, moto ungezimika angeweza kuuzalisha upya kwa kupekecha vijiti na maneno yake, maana Veda imeacha njia hiyo. Sasa mkono wa kupekechea ulikuwa umelala kitandani kama wa mtu mwingine. Ukizimika umezimika. Auleria alilijua hilo, na nilianza kumwona anakonda.

Upande wa pili wa njia anakaa Raudha, mwanamke wa Lindi, mdogo kwa Auleria, sauti kubwa, anauza supu ya kongoro. Miguu ya ng'ombe analetewa kutoka machinjioni Vingunguti ikiwa na kwato zake, anaibabua, anaichemsha mpaka inalegea. Kibaraza chake kimeinuliwa juu kwa ngazi kwa sababu wenye nyumba ile wanaifahamu mvua ya kwetu. Masika yalipoanza, asubuhi moja, jiko lake lilizimika na makaa yote yalikuwa mabichi. Wateja wamekaa kwenye benchi, sufuria imepoa. Raudha akavuka njia na kipande cha bati mkononi, akasimama mlangoni kwa Maharaji.

"Da Auleria, shikamoo. Naomba moto."

Niliona kwa macho yangu. Auleria alipokea lile bati, akaingia ndani, akatoka na kaa jekundu juu ya majivu, akampa, wakaulizana habari za watoto. Raudha akarudi zake. Auleria akabaki mlangoni, na nikaona uso wake unabadilika polepole. Alikuwa ametoa kabla ya kufikiri. Kwao kumnyima jirani moto ni jambo la kutisha, hulifanyi hata kwa mtu mliyegombana naye, na mkono wake ulimtangulia kichwa. Ng'ambo ya njia, Raudha alikuwa anapepea, na moto wa harusi ya Maharaji ulikuwa unashika chini ya miguu ya ng'ombe.

Alikuja kwangu midomo imekauka.

"Umeona nilichofanya?"

"Nimeona umempa jirani moto."

"Mama Noela, yule mzee hajala hata yai maisha yake. Ng'ombe kwao ni mama. Mie nimeuchukua moto wake nikauweka chini ya mama yake." Akashika kichwa. "Unamchemsha sasa hivi. Sikia."

Kweli sufuria ilikuwa imeanza kuchemka, na harufu ilikuwa inavuka njia kuja kwetu. Mimi harufu ya supu ya Raudha huwa inanifurahisha. Siku hiyo niliziba pua kwa kitambaa cha mteja.

Hakumwambia mzee. Alingoja adhabu. Alipoumwa jino alisema ndiyo hiyo. Polikarpo alipoteguka kifundo stendi, alisema ndiyo hiyo. Kanisani alikaa benchi la nyuma na hakwenda kupokea komunyo, maana hakujua amweleze padri dhambi gani na aliyekosewa ni nani. Na kila asubuhi aliendelea kujibu "upo," sauti yake ikizidi kuwa ndogo. Mzee naye alikuwa anaisha. Hitesh akapiga simu kwamba amepata ndege, anakuja, baba amngoje.

Ikaja ile mvua.

Ilianza alfajiri na haikupumzika. Kufika saa sita mchana mtaro ulikuwa umejaa, saa saba njia haionekani, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita na ndala za watu na vifuniko vya ndoo. Mimi nilikuwa napandisha vitambaa vya wateja juu ya kabati niliposikia Auleria anaita jina langu, na haikuwa sauti ya kuitana.

Maji yalikuwa yameingia kwao kwa mlango wa nyuma. Chumba cha moto kiko chini kidogo, na yeye alikuwa amekwisha kupanga mifuko ya mchanga kuzunguka shimo, amefunika makaa kwa karai, na alikuwa anajaribu kuyahamisha kwa koleo. Ndipo aliposikia mzee anagumia. Kitanda chake kilikuwa cha chini sana, na godoro lilikuwa limekwisha kuzama. Mzee alikuwa amelala ndani ya maji hajiwezi, uso tu uko juu.

Auleria alisimama ukumbini, koleo mkononi. Huku mzee, huku moto. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuogopa namna ile tangu azaliwe, hata Anselmo alipokata roho, kwa sababu Anselmo hakumtaka achague. Akalitupa koleo. Nilipofika tulimnyanyua mzee, mimi miguu yeye mabega, tukamlaza juu ya meza ya sebuleni, tukamvua nguo mbichi na kumfunga khanga zangu. Meno yake yalikuwa yanagongana. Auleria akakimbia chumba cha nyuma.

Nikamfuata. Mifuko ilikuwa imelala. Karai lilikuwa linaelea, linagonga ukuta taratibu, na vipande vyeusi vya makaa vinazunguka juu ya maji pamoja na punje za mchele. Shimo lenyewe halikuonekana. Auleria aliingiza mikono ndani akapapasa chini kwenye matofali, kana kwamba angeweza kuukamata moto. Akatoa konzi ya majivu yaliyolowa. Hakulia. Aliyakamua tu mpaka maji meusi yakamfika viwikoni.

Sebuleni mzee akaita, "Auleria. Moto?"

"Upo, Maharaji," akajibu. Lilimtoka tu.

Nilimvuta pembeni. Nikamwambia kwamba juu ya kabati langu kuna kiberiti, nimekinunua mwenyewe wiki ile, kikavu. Mzee haoni. Samadi kavu ipo, samli ipo, tuwashe kwenye karai, ajisikie joto, afe kwa amani. "Moto ni moto," nikasema.

Akapangusa mikono kwenye khanga.

"Ukifika huko akhera utamwambia wewe?" akaniuliza.

Halafu akageuza shingo kuelekea mlangoni, upande wa njia. Nilijua anachokifikiria kabla hajasema, na ningependa asingefikiria. Kwenye kibaraza kilichoinuliwa, chini ya bati, katikati ya mvua ile yote, jiko la Raudha lilikuwa linawaka.

Tulivuka tumeshikana. Maji yalifika juu ya magoti, na mtaro ulikuwa mahali fulani chini yake, umeacha kuonekana. Mtu akikanyaga pasipo na njia anakwenda moja kwa moja mtoni. Auleria alikuwa na sufuria ndogo kichwani, ndani yake majivu makavu. Raudha alitupokea kwenye ngazi akidhani tumekuja kujihifadhi.

"Raudha mdogo wangu, niambie kweli," Auleria akasema, hata salamu hakutoa. "Tangu siku nilipokupa lile kaa, ushawahi kuwasha kiberiti?"

"Kiberiti cha nini, da Auleria? Makaa yenyewe mabichi hivi, yakizimika ndo basi, siuzi. Nafukia usiku nafukua asubuhi. Hata kulala nalalaga nalo ndani, mume wangu kachukia."

"Haujazimika hata mara moja?"

"Hata mara moja. Kwani ishu nini?"

Auleria hakujibu. Alikuwa anaangalia sufuria kubwa. Miguu ya ng'ombe ilikuwa inapinduka ndani ya mchuzi, kwato moja inakuja juu, inazama, inakuja tena. Mafuta yalifoka kidogo yakadondokea makaa, yakaungua, moshi ukatupiga usoni. Akaomba kitu ambacho kwenye nyumba ile kilikuwa hakiombwi.

"Naomba moto."

Raudha akachagua makaa makubwa, akayaweka kwenye majivu, akafunika. Tukarudi. Mimi nilishika mwavuli juu ya ile sufuria na mvua ikatupiga sisi. Katikati ya njia Auleria aliteleza, goti moja likagusa chini, na mikono yake ikabaki juu na sufuria. Nilisikia anasali Salamu Maria, na katikati ya sala anachanganya maneno mengine, yale ya mzee, ambayo nadhani hakujua kwamba yamemwingia.

Tukaweka karai juu ya matofali karibu na meza. Akapanga makaa, akavunja kikate cha samadi, akapuliza. Mwali ukasimama. Akachota samli kwa kijiko cha mti, akamimina, na joto likamfikia mzee shavuni. Akageuza uso. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukainuka kutoka kwenye khanga, ukapanda, ukashuka, midomo ikaanza ile sauti ya kila jioni. Ukapanda tena. Ukasimama hewani.

Mzee alikuwa ananusa.

"Huu moto umetoka wapi?"

Auleria akapiga magoti pale kwenye maji. Akasema yote. Kaa alilompa Raudha, supu, kwato, maji, karai lililoelea, uongo aliosema muda mfupi uliopita. Alisema haraka haraka bila kupumua, na mimi nilikuwa nimeshika mlango, nataka kukimbia na siwezi.

"Toa," mzee akasema.

"Maharaji..."

"Toa nje! Toa!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Ilipasuka ikawa kikohozi. Auleria akalishika karai kwa mikono mitupu, limeshapata moto, akaanza kulinyanyua. Niliona anaungua na hasemi. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, kwenye mvua. Joto likamwondoka mzee, na akaanza tena kutetemeka.

"Ngoja," akasema. "Ule wa yule mama. Umetokana na wangu?"

"Ndo huo huo, Maharaji. Haujazimika hata mara moja."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Auleria alibaki kashika karai. Halafu mzee akaanza kulia, bila kelele, machozi yakapita kwenye makunyanzi yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

"Veda inasema moto una nyuso mbili," akasema. "Mmoja unabeba sadaka. Mwingine unakula nyama. Huo wa nyama tunauambia nenda mbali, usiingie nyumbani kwangu. Mie nimeuambia hivyo kila siku maisha yangu yote. Unajua kwa nini? Naogopa. Wewe ulidhani ni wewe peke yako unaogopa humu ndani?"

Auleria alitikisa kichwa, ingawa mzee hakuweza kumwona.

"Na ndio huo huo utakaonichukua. Mie ni nyama, Auleria. Siku hiyo mie si kuhani, ni nyama tu." Akavuta pumzi kwa taabu. "Urudishe. Usogeze karibu. Na mikono yako tia samli, umeungua."

Hitesh alifika kesho yake, maji yakiwa yameshuka na mtaa mzima uko nje unaanika magodoro. Mzee alikuwa anamngoja kweli. Walizungumza Kigujarati muda mrefu, kisha baba akanyamaza, na asubuhi iliyofuata, Auleria alipotoa shikamoo, haikuitikiwa. Moto ulikuwa upo.

Walikuja watu wao wengi kutoka mjini. Hitesh alinyolewa, akavalishwa nguo nyeupe, akaletewa chungu cha udongo. Kabla ya kukitia makaa alimgeukia Auleria, na nikaona wale wazee wote wa kwao wamegeuka pia.

"Mama, huu ni moto ule ule? Wa harusi ya baba na mama?"

Mikono ya Auleria ilikuwa imefungwa vitambaa. Alinitafuta mimi kwa macho, na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia chini.

"Ni ule ule," akasema. "Baba yako anajua ulikopita."

Wakaondoka, Hitesh mbele na chungu chake. Raudha alikuwa amesimama kwenye ngazi zake, kajitanda mtandio, sufuria ameifunika kwa heshima. Nyuma yao Auleria alifagia lile karai na kumwaga majivu, kama mzee alivyotaka, na nyumba ikapoa.

Hitesh alimwambia aendelee kukaa hadi nyumba ipate mnunuzi. Jioni ile alikaa kwangu, hali chakula, anaangalia ng'ambo.

"Mama Noela, mzee kaondoka na moto wake. Sasa ule pale kwa Raudha ni wa nani?"

"Ni wa supu," nikasema nimchekeshe.

Hakucheka. Siku zilizofuata alipotaka kwenda dukani alizunguka uchochoro wa nyuma asipite mbele ya jiko lile. Chai alikuja kunywa kwangu. Nyumbani kwake hakuwasha chochote, na kile kiberiti changu kilibaki juu ya kabati kama nilivyokiweka.

Asubuhi moja nikiwa natia uzi kwenye sindano nilimwona anatoka. Amevaa khanga safi, na ana kipande cha bati mkononi. Alisimama ukingoni mwa njia muda mrefu, kiasi kwamba mwenye bodaboda alimpigia honi mara mbili. Akavuka. Niliacha cherehani, nikasogea.

"Naomba moto," akamwambia Raudha.

Raudha alichukua koleo, akachagua kaa jekundu, akaliweka juu ya bati. Auleria alilipokea bati kwa mikono miwili. Akalisogeza kaa karibu na uso wake, akainamisha kichwa, akakiinua.

"Shikamoo," akasema.

Raudha alicheka, akifikiri kaamkiwa yeye. "He! Da Auleria, mie mdogo wako!" Kisha akaona Auleria hamwangalii yeye, anaangalia kaa, amesimama anangoja kuitikiwa, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Kongoro lilikuwa linachemka.